Nina ekari 12 na mafao ya mara moja. Ninunue trekta dogo la mtumba?

Dada Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mtumishi wa umma, mwakani nafikisha miaka 60 na kustaafu. Nina shamba Dumila, wilaya ya Kilosa, ambalo kwa miaka mingi nimelilima kwa simu kutoka Dar es Salaam. Sasa nataka kuhamia huko nilisimamie mwenyewe.

Upande wa juu nina ekari 9 za mahindi. Nilizinunua zikiwa pori. Miti tulikata, lakini visiki vingi bado vimo. Udongo wake ni mwekundu, na kiangazi unakuwa mgumu kweli. Bondeni nina ekari 3 za mpunga, udongo mweusi unaoshika maji.

Kila msimu nakodi. Kulima ni 60,000 kwa ekari, haro ya kuvunja mabonge 40,000. Bondeni nachukua pawatila, kile kitrekta cha kutembea nyuma yake, kulima na kuchavanga tope 120,000 kwa ekari. Kinachoniumiza hasa ni foleni. Msimu uliopita trekta lilifika kwangu wiki tatu baada ya wenzangu kupanda, maana mwenye trekta alianza na wenye mashamba makubwa. Kwenye zile ekari 9 nikavuna gunia 70, wakati msimu wa kabla yake nilipata 110.

Sasa dalali mmoja amenipeleka kwenye yadi hapa Dar kuona Kubota iliyotoka Japani. Nguvu farasi 22, magurudumu yote manne yanavuta, mita inasoma saa 830, na nyuma lina rotaveta yake, lile jembe la visu vinavyozunguka. Wanataka milioni 17. Rangi inang'aa, na nilipofika nililikuta linaunguruma vizuri tu. Nimepiga hesabu kwamba nitalima changu kwanza, kisha nilimie watu. Matrekta ya pale kijijini yanamaliza ekari 10 kwa siku. Hata nikipata nusu yake, msimu mmoja si haba. Dereva atakuwa kijana wangu wa mwisho, ana miaka 22 na hajapata kazi.

Mke wangu hataki kusikia. Anasema kikotoo cha mafao kimeshatukata vya kutosha, kinachobaki tujenge vyumba vya kupangisha Morogoro mjini. Akaniuliza, "Likikufia mwezi wa tatu, fundi utamtoa wapi?" Sikuwa na jibu, nikanuna.

Dalali anataka laki tano za kulishikilia, mwisho Ijumaa. Nilinunue? Na kama nitalinunua, nikague nini?

Mstaafu Mtarajiwa

*

Kaka Mstaafu Mtarajiwa, shikamoo.

Kwa shamba ulilonieleza, trekta hili usilinunue mwaka huu. Naeleza kwa nini, maana hesabu yako haiko mbali na ukweli kama wifi anavyodhani, ila kuna mahali imeteleza.

Tuanze na unachotumia sasa. Ekari 9 kwa laki moja kila moja, kulima na haro, ni 900,000. Bondeni ni 360,000. Jumla 1,260,000 kwa msimu. Ukinunua kwa milioni 17 ili tu uache kukodi, itakuchukua misimu zaidi ya 13 kurudisha pesa, na hapo sijagusa dizeli, oili, matairi wala posho ya kijana. Kwa hesabu hiyo peke yake hakuna cha kujadili.

Lakini wewe hukuniandikia kwa sababu ya 1,260,000. Umeniandikia kwa sababu ya gunia 40. Hata ukiziuza kwa 60,000 tu kila moja, ni 2,400,000 zilizopotea kwa kusubiri foleni. Sisemi zote zilipotea kwa kuchelewa, mvua nayo ina ya kwake, ila mahindi yaliyochelewa wiki tatu huwa hayalipi deni hilo. Ukijumlisha na unachokodi unapata 3,660,000 kwa msimu, na ghafla milioni 17 inarudi kabla ya misimu mitano kwisha. Hapo hoja yako ina nguvu, na ningekuwa wifi ningekusikiliza.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inasimama iwapo trekta hili linaweza kuingia kwenye ekari zako 9 za juu mapema, udongo ukiwa bado mkavu, ili masika yakukute umeshalima. Haliwezi.

Matrekta haya ya Kijapani ya farasi 15 hadi 25 yalitengenezwa kwa ajili ya majaruba ya mpunga ya kule kwao: maeneo madogo, udongo laini, maji juu, hakuna jiwe wala kisiki. Rotaveta yake inachanganya tope vizuri sana. Ukiipeleka kwenye udongo mwekundu uliokauka, ambao haujapigwa plau kwanza, visu vinarukaruka juu ya ardhi na kukwangua vidole viwili vya udongo. Na kikikutana na kisiki, kinachovunjika si kisu tu. Mshtuko unarudi kwenye shafti ya PTO, ile inayozungusha rotaveta kutoka kwenye trekta, unaingia mpaka kwenye giaboksi, na giaboksi ndiyo spea utakayoitafuta kwa tochi.

Utaniambia: basi nitatoa rotaveta nifunge plau. Plau la sahani tatu unaloliona pale Dumila linavutwa na matrekta ya farasi 50, 60 na kuendelea. Na farasi peke yake hazivuti, kinachovuta ni uzito unaokandamiza matairi chini. Massey Ferguson 240, moja ya hayo makubwa, ina karibu tani mbili. Hiki kidogo chako ni kama tani moja. Unaweza kujaza maji kwenye matairi na kufunga vyuma mbele, itasaidia kidogo, lakini kwa sahani mbili kwenye ardhi kavu litateleza palepale huku linakula dizeli. Kwa hiyo mwezi wa pili utakuwa umekaa kivulini na trekta lako mwenyewe, unasubiri mvua ilainishe ardhi, kama unavyosubiri leo trekta la mwenzio. Foleni itakuwa imebadilika jina tu.

Huko kwenu kuna historia ya jambo hili. Kongwa si mbali na Dumila, unapita Gairo tu. Mwaka 1947 Waingereza waliamua kulima karanga pale kwa maelfu ya ekari. Matrekta mapya yalikuwa hayapatikani, vita ndiyo kwanza imekwisha, wakakusanya mitambo iliyotumika jeshini, mingine ikatoka mpaka Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Mitambo ilifika imechoka, spea zikawa tabu, na udongo wa Kongwa kiangazi ukawa unakataa kufunguka na kula vyuma. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, hasara zaidi ya pauni milioni 36. Wao walikuwa na hazina ya Uingereza nyuma yao. Wewe una mafao ya mara moja.

Sasa hilo la kulimia watu. Rotaveta ya trekta la farasi 22 ina upana wa mita 1.4 hivi. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo trekta litatembea karibu kilomita 2.9 ndani ya ekari moja. Mwendo wa rotaveta kwenye kazi halisi ni kilomita 2 kwa saa. Hiyo ni saa moja na nusu, na ukiweka kugeuza, kusafisha majani yaliyojisokota na kijana kunywa maji, ni saa mbili. Ekari 4 kwa siku nzima, siku nzuri, shamba likiwa tupu na tambarare. Yale ya ekari 10 yanavuta plau au haro, si rotaveta. Halafu jirani yako naye ana visiki kama vyako, na yeye hatakuambia vipo wapi.

Ila bondeni hadithi ni nyingine kabisa. Zile ekari 3 za udongo mweusi, hapo ndipo nyumbani kwa trekta hili. Litaishinda pawatila kwa kasi, kijana ataketi badala ya kutembea nyuma ya mashine kwenye tope, na magurudumu manne yanayovuta yatalitoa mahali ambapo Massey ingezama hadi ekseli. Shida ni kwamba ekari 3 ni kazi ya siku moja. Mtu hanunui chombo cha milioni 17 kwa kazi ya siku moja. Ungekuwa na ekari 10 za majaruba, zako au za kukodi, na majirani wa bondeni wanaokuomba, barua hii ningeijibu kwa mistari minne: linunue, likague vizuri, bargeini, Mungu akubariki.

Kwa hiyo mwaka huu ningefanya hivi. Kwanza, toa visiki. Weka vijana wenye sururu na shoka, lipa kwa kisiki na si kwa siku, anza sasa hivi kabla hujafikiria mashine yoyote. Shamba lenye visiki hata trekta la kukodi linalikwepa, na nashuku hiyo ni nusu ya sababu uliachwa wa mwisho. Mwenye trekta hapendi kuvunja sahani kwa ekari 9 wakati kuna ekari 60 safi upande wa pili. Pili, tafuta majirani wanaopakana nawe mfikishe ekari 40 hivi kwa pamoja, mkamwone mwenye trekta mwezi wa kumi na mbili mkiwa na malipo ya awali na karatasi ya makubaliano, siku imeandikwa. Kinachofanya nyinyi wadogo mkwepwe ni safari: kusogeza trekta kutoka kwa mtu wa ekari 3 kwenda kwa mtu wa ekari 5 ni dizeli isiyolipwa. Mkimpa ekari 40 zilizoshikana, mtakuwa wa kwanza. Tatu, kama bado foleni inakutisha, kuna ripa, kile chuma kinachochana mstari tu wa kupandia badala ya kugeuza shamba zima. Inavutwa na ng'ombe wawili, na inaweza kuanza kabla ya mvua. Si kila mtu anaipenda kwa sababu magugu yanabaki kati ya mistari, itabidi uwe na mpango wa dawa au palizi ya mapema.

Ukishaishi Dumila msimu mzima, ukajua bonde lina majaruba mangapi ya kukodi na nani analipa kwa wakati, rudi yadi. Hayo matrekta hayaishi, yanashushwa bandarini kila mara.

Najua lakini kuna watu wakishaona rangi ya machungwa inang'aa hawalali. Basi tuingie kwenye ukaguzi.

Umeandika kwamba ulilikuta linaunguruma tayari. Hilo silipendi. Injini ya dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa na moto. Ugonjwa wake unaonekana asubuhi ikiwa baridi. Nenda bila kutoa taarifa, weka kiganja juu ya injini kabla haijawashwa, ikiwa ya moto ondoka urudi kesho. Likiwashwa, moshi mweupe kidogo mwanzoni si neno, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, mgandamizo umepungua au nozeli zina shida. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Fungua kifuniko cha kuwekea oili huku injini inazunguka: ikiwa inapumua, inatoa moshi kwa mapigo, jiandae kushusha injini.

Chomoa dipstiki ya giaboksi, si ya injini peke yake. Kwenye matrekta haya oili ya giaboksi mara nyingi ndiyo hiyohiyo ya haidroliki, na lililokaa nje mvuani huingiza maji kupitia kwenye mipira ya gia iliyochanika. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji. Kisha nyanyua rotaveta juu kabisa, zima injini, ukae robo saa unapiga soga na muuzaji. Ikishuka yenyewe mpaka chini, sili za haidroliki zimekwisha.

Mbele, angalia kama kuna oili inavuja kwenye vitovu vya magurudumu, na hasa soma saizi za matairi. Kwenye trekta linalovuta magurudumu manne, ya mbele na ya nyuma yamepigiwa hesabu yaende pamoja. Mtu akifunga ya mbele ya saizi nyingine kwa sababu ndiyo iliyopatikana, difu ya mbele inasagika polepole na utakayelipa ni wewe. Saa 830 zinawezekana, maana mashamba ya Japani ni madogo, lakini mita inabadilishwa kwa dakika chache. Iamini miguu ya dereva aliyepita: kanyagio la klachi lililolika mpaka chuma kinang'aa halijafanya saa 830. Tazama pia meno ya shafti ya PTO na matundu ya mikono ya nyuma, kama pini zinacheza.

Swali la wifi kuhusu fundi na mwezi wa tatu ndilo swali bora kwenye barua yako yote, na jibu lake linapatikana kabla ya kununua. Andika namba ya modeli na namba ya injini, nenda Kariakoo, Gerezani, uulize bei ya sahani ya klachi, pampu ya maji, chujio la oili na sili za kitovu cha mbele. Spea za injini za Kubota zinapatikana kwa urahisi kiasi kwa sababu injini za kampuni hiyo zimo kwenye majenereta na mitambo midogo ya kuchimba. Giaboksi na ekseli ni habari nyingine: modeli za soko la Japani si zile zilizouzwa nchi za nje, na vipuri vingi havilingani hata namba zikifanana. Kubota yenyewe ilipeleka shauri Marekani kuzuia mitumba hii isiingizwe, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya huko ikakubaliana nayo, moja ya hoja ikiwa ni hiyo ya vipuri na maandishi ya Kijapani kwenye mashine. Kama Gerezani watakuambia "acha namba tutakupigia" kwa vitu vitatu kati ya vinne, umeshapata jibu la kumpelekea wifi.

Kuhusu kijana. Mengi ya matrekta haya ya zamani hayana fremu ya kumkinga dereva likipinduka, na hayo mashamba yako ya juu nadhani yana mteremko. Kama halina, fundi wa vyuma anayejua kazi aifunge, imara, pamoja na mkanda. Bila fremu asifunge mkanda, bora aruke. Na PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde moja. Shati lisilochomekewa likishikwa hapo, hakuna muda wa kupiga kelele. Kifuniko chake kiwepo, na mtu asitoe majani kwenye rotaveta kabla injini haijazimwa.

Vyumba vya Morogoro siwezi kuvipima kwa barua, kiwanja kipo wapi na kinahitaji kiasi gani hukuniambia. Ongeeni, na safari hii usinune.

Laki tano za Ijumaa: muulize dalali kama zinarudi fundi wako akikuta kasoro, na aandike hivyo kwenye risiti yenye jina la yadi na namba ya chesi ya trekta. Akisema hazirudi, au akisema risiti si lazima kwa sababu tunaaminiana, usizitoe.